Mlango wa Futi Nane

Mitwero, Lindi
15 Septemba 2024

Kwa Mzee Ignasi wa mashine ya kusaga, Nangurukuru,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mimi ni mzima. Mwanangu Sipriani na mkewe Happiness wazima, wajukuu wazima, kuku wazima isipokuwa yule wa kishungi, ambaye leo nimemhamisha kwa fimbo na bado amenuna.

Nimemhamisha kwa sababu kazi imeanza! Ignasi, imeanza! Jina lako nimeliandika bila "Mzee" na sifuti. Tangu padri alipotuandikia tarehe yetu, 18 Januari, mimi usingizi wangu ni wa kuokoteza, na si kwa mawazo, ni kwa furaha tupu. Mwanamke wa miaka sitini na moja! Wateja wananiuliza, "Mama Sipriani, siku hizi unaimba na cherehani, kuna nini?" Nawaambia nimepata uzi mzuri.

Sasa nisikilize. Tulikubaliana mashine utamwachia mpwa wako na wewe uje huku, maana wateja wangu wa kushona wako huku na masikio yako yameshadai mapumziko. Tulikubaliana pia hutalala katika chumba nilicholala na marehemu, nikakwambia hilo niachie mimi. Basi nimepata pa kukaa. Ni hapahapa kwenye kiwanja changu, pamejitenga kidogo na nyumba kubwa, kuta za matofali ya saruji, bati halivuji hata tone. Chumba chetu sisi wawili, hakijawahi kulaliwa na mtu.

Kasoro yake ni moja tu, joto. Juzi saa nane mchana nimesimamisha mshumaa mle ndani juu ya kopo, nikatoka kumpima mteja gauni. Kurudi nimeukuta umepinda mpaka kichwa kimegusa sakafu, kama bibi anayetafuta sindano. Fundi Majid akasema, "Mama, weka feni mbili." Nikamwambia feni itachukua moto wa huku iupeleke kule. Joto linaingia kwa juu, tulizuie hukohuko juu.

Sasa tumepanga hivi. Chini ya bati tunatandaza ile karatasi ngumu inayong'aa kama sufuria mpya, inarudisha jua lilikotoka. Halafu tunaacha nafasi ya hewa kupita. Halafu, na hapa ndipo penye akili yangu, sufi! Nashona vigodoro vya sufi vya kukaa katikati ya mbao za kenchi zinazobeba bati, kila kimoja kwa kipimo chake, kama ninavyoshona mito. Chini ya hapo ndipo bodi za dari. Majid amenitazama sana. Kisha akasema, "Mama, mimi nimejenga miaka mingi, nyumba ya kuvalishwa nguo sijaiona." Nikamwambia sasa utaiona.

Matunda ya misufi ya huku yameanza kupasuka. Kesho naenda kununua magunia.

Wako,
Bertha


Nangurukuru
22 Septemba 2024

Mpendwa Bertha,

Barua yako Huseni konda amenipa dirishani, basi likiwa bado linatembea. Nimeisomea palepale kati ya wauza korosho na mayai, nikacheka peke yangu, watu wakanipisha njia.

Umefanya vizuri kuandika kwenye karatasi. Simu yangu inakaa mashineni kwa ajili ya wateja, na ule ujumbe wako wa mwezi uliopita nilisomewa na mama mmoja aliyeleta madebe mawili ya mahindi. Alinisomea kwa sauti ya kushindana na mashine. Foleni nzima ilisikia kwamba umenikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusikia.

Na karatasi ndiyo iliyotukutanisha. Pale Nyangao kwenye semina ya wazee, mtoa mada anafungua mdomo na kufumba, mimi naitikia tu kama mjusi, wewe ukachukua kalamu ukaniandikia: "Anasema wazee tusijifungie ndani. Nawe unaitikia usichokisikia." Nilikupenda kwa sentensi ya pili.

Habari ya sufi nimeipenda. Ila ianike ikauke kabisa kabla ya kushona, na uchanganye majani makavu ya mwarobaini, la sivyo panya watahamia kabla yangu. Nyaya za umeme Majid azipitishe ndani ya mabomba, sufi na cheche havikai nyumba moja.

Mlango uwe kazi yangu. Nimepata mbao za mkongo kwa jamaa wa hapa, zimekauka vizuri. Kabla sijawa mtu wa mashine nilikuwa seremala Newala, na mkono bado unakumbuka. Nipe upana na urefu.

Sipriani anasemaje? Katika barua yako umemtaja kwenye salamu tu.

Ni mimi,
Ignasi


Mitwero
1 Oktoba 2024

Ignasi wangu,

Nina sufi puani, nina sufi kwenye nywele, jana nimekuta sufi kwenye mchuzi wa pweza! Happiness amecheka mpaka akakaa chini. Ua mzima mweupe. Nimeanika juu ya turubai na chandarua juu yake, na ule upepo wa jioni ukaja ukainua chandarua kama sketi, nikakimbia mbio ambazo sijakimbia tangu shule.

Vigodoro kumi na viwili vimekamilika. Nimeshona kwa marikani, na kila kimoja nimekipitisha uzi katikati ili sufi isikimbilie upande mmoja. Cherehani inalia lakini inakwenda. Majani ya mwarobaini nimeweka kama ulivyosema. Majid ameshapigilia karatasi ya kung'aa upande mmoja wote, na Ignasi, ukisimama chini yake unajiona! Mwanamke mmoja mnene anayecheka, kichwa chini miguu juu.

Ukuta wa magharibi, ule unaochomwa na jua la mchana, tumeupiga lipu nene na nje tutapaka chokaa. Juu karibu na bati Majid ameacha matundu ya hewa pande mbili, upepo wa baharini uingie hapa utokee kule.

Vipimo vya mlango ulivyoomba: upana futi nane, urefu futi saba.

Sipriani yuko na msimu wa korosho ghalani, tunaonana kwa nadra.

Wako mwenye sufi,
Bertha


Nangurukuru
8 Oktoba 2024

Bertha,

Nimekaa na kipimo chako siku nzima. Futi nane upana. Nikajisemea amekosea, ni futi tatu. Nikasema hapana, huyu ni fundi nguo, hawezi kukosea kipimo. Nikasema labda anaolewa na tembo.

Huseni alipopita nikamuuliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa Mitwero, na mimi siku ya kujitambulisha niliishia sebuleni. "Konda, kwa Mama Sipriani kuna chumba gani chenye mlango wa futi nane?" Akanijibu kwa kelele ili nisikie, na stendi yote ikasikia: "Mzee, lile si banda la gari! Walifugia kuku!"

Watu wamecheka. Muuza chipsi kaniuliza naingia kwa mbele au narudi kinyumenyume. Na mimi nimecheka nao. Kisha nikaingia ndani mapema kuliko kawaida yangu.

Kwa hiyo nauliza. Mimi ni bwana harusi au ni Isuzu?

Nauliza kwa mzaha lakini jibu nalitaka la kweli. Kulala banda la gari si tatizo langu. Nimelala juu ya magunia ya pumba. Ila kama mwanao amesema "huyo mzee wako mweke huko kwenye kuku," basi nataka nijue kabla sijabeba sanduku langu. Kukaa kwenye kiwanja cha mtu asiyekutaka ni joto ambalo sufi haizuii.

Mlango naendelea nao, futi tatu kwa saba. Huo mwingine mzibe kwa tofali.

Ignasi


Mitwero
13 Oktoba 2024

Ignasi,

Nimesoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Umenikamata. Ni banda la gari. Marehemu aliyelijenga alikuwa na ndoto ya gari, na gari lenyewe halikuja. Likakaa kuku, magunia, baiskeli ya Sipriani alipokuwa mdogo. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uingie ukute chumba, uulize, "Hapa zamani palikuwa nini?" Ndipo nikuambie tucheke. Nimeharibu mwenyewe kwa kipimo. Kudanganya kwenye kipimo ndiyo sijui.

Lakini aliyechagua ni mimi, si Sipriani. Nikuambie maneno yake yalivyokuwa, usije ukayapata kwa Huseni.

Nilimwambia jioni tukila. Akaweka tonge chini. "Mama, watu ghalani wataniuliza nini? Mama yako anaolewa?"

Nikasema, "Waambie ndiyo."

"Kwani hapa unakosa nini? Chakula? Matibabu?"

"Sikosi kitu. Namtaka Ignasi."

Akasogeza sahani kando. Happiness akamwambia, "Baba Anjelina, kula." Hakula. Tangu siku hiyo ananisalimia, ananipa kila ninachohitaji, na akipita pale kwenye kazi yangu anatazama upande wa barabara. Hajakutukana. Hajasema kuku. Ameumia tu, na mimi sijui nimponye vipi isipokuwa kwa kumaliza chumba.

Nyumba kubwa ina baba yake kila pembe. Misumari aliyopigilia, kiti chake, ule mstari wa rangi alioukosea ukutani. Sikutaka ulale humo ukiwa mgeni. Na Sipriani naye sikutaka aamke kila siku akukute hapo. Hapa ni pangu na pako tangu tofali la leo. Ndiyo, la leo! Majid ameanza kuziba ule mdomo wa futi nane. Upande mmoja mlango wako, upande wa pili dirisha kubwa la wavu. Jioni nimesimama ndani, mara ya kwanza pana kuta nne, nikapiga kelele "Ignasi!" ili nisikie sauti ikirudi. Imerudi. Kuku wamekimbia.

Nipe mpaka dari liishe. Halafu uje ukae humo saa nane mchana. Ukitoka na jasho, mimi nitafunga cherehani yangu nihamie kwako kwenye kelele.

Usiingie ndani mapema tena kwa ajili yangu.

Bertha wako


Nangurukuru
20 Oktoba 2024

Bertha wangu,

Nimekuelewa, na muuza chipsi nimemwambia mwenyewe: naingia kwa mbele, taa zikiwaka.

Furaha yako inaambukiza. Juzi nimejikuta nasukuma randa kwenye mkongo huku naimba, na mpwa wangu kaja kuniuliza kama naumwa. Mlango umeshapata fremu. Nimeuwekea vipande vya mbao vilivyolala kama mkeka, hewa inapita, jua halipiti. Sijawahi kumtengenezea mtu kitu nikiwa na haraka hivi bila kudaiwa.

Kuhusu Sipriani, nataka kuonana naye. Uso kwa uso, aniandikie anachotaka kuniambia, au apige kelele, vyovyote. Nakuja Jumamosi tarehe 9 Novemba. Asubuhi nizungumze naye, saa nane nikae kwenye chumba chetu nitokwe au nisitokwe na jasho.

Nahesabu Jumapili.

Ignasi wako


Mitwero
2 Novemba 2024

Ignasi,

Usije tarehe 9. Kazi imesimama kidogo. Nitakuambia siku.

Mwandiko usikushangaze, kalamu mbovu. Mimi mzima.

Bertha


Nangurukuru
6 Novemba 2024

Bertha,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kwa kuwa ni fupi imechukua muda mfupi kila mara.

Mashine yangu siisikii tena, lakini nikiweka kiganja juu yake najua kama kuna kitu kimelegea ndani. Na barua hii nimeiwekea kiganja. Maneno yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyeandika huku anasukumwa. Hakuna kuku, hakuna Majid, hakuna kelele zako za kushangaa. Bertha ninayemjua hawezi kumaliza hata salamu kwa maneno machache namna hii.

Kwa hiyo nadhani nyumbani mmezungumza, na umeambiwa uchague. Kama ni hivyo sitakulaumu. Mtoto ni mmoja. Mimi ni mzee uliyekutana naye kwenye semina.

Ukisema tuache, nitakwenda kwa padri mwenyewe nimwambie ni mimi niliyeshindwa, ili maneno ya watu yaje kwangu. Ukisema tuendelee, sema tu neno hilo moja, hata kwa kalamu mbovu.

Mlango nimeusimamisha ukutani. Sijaupaka mafuta.

Ignasi


Mitwero, Lindi
10 Novemba 2024

Mzee Ignasi,

Shikamoo. Mimi ni Sipriani, mtoto wa Bertha. Tulionana mara moja, siku ulipokuja na wazee wa jumuiya yako kujitambulisha. Nilikusalimia nikaondoka kuwahi ghalani. Mama hajui kwamba naandika.

Mama ameanguka. Tarehe 28 mwezi uliopita fundi Majid alikuwa msibani Rutamba. Vilibaki vigodoro vichache vya sufi, vya upande wa magharibi. Asubuhi mama aliniambia, "Sipriani, nishikie ngazi kidogo tu, nimalizie." Nikamwambia gari la korosho linanisubiri, amngoje fundi. Hakumngoja. Happiness alisikia kishindo, akamkuta chini. Magunia ya sufi yaliyokuwa pale ndiyo yaliyopokea mgongo na kichwa. Mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja. Amefungwa hogo la plasta, na daktari amesema atapona.

Barua fupi uliyopata aliiandika kwa mkono wa kushoto. Alitukataza sote tusikwambie. Maneno yake ni haya: "Akijua nimeumia kwenye kile chumba atasema tuache." Ndiyo maana akakuzuia usije, hogo lisionekane.

Barua yako ya tarehe 6 niliipokea mimi kwa Huseni, nikamkabidhi. Aliisoma, akaikunja, akanyamaza. Mama yangu hanyamazi, Mzee. Wewe mwenyewe unamjua. Hajaimba na hajagombeza kuku. Jana nimemkuta amekaa chini ya lile dari lisiloisha, anajaribu kukuandikia kwa kushoto, karatasi zimejaa miguuni, kila moja ina jina lako tu na imechanwa.

Sitakudanganya. Habari ya ndoa hii ilinikuta vibaya na bado sijaizoea. Lakini, nisamehe, barua yako nimeisoma, na sijamwambia mama achague, wala sitamwambia. Kama unataka kuvunja, ivunje ukiwa unajua ukweli. Kama hutaki, basi ngazi ipo na kazi ya korosho ghalani inapungua mwisho wa juma.

Samahani kwa mwandiko, nimezoea kuandika namba za magunia.

Sipriani


Mitwero
10 Desemba 2024

Ignasi, Ignasi, Ignasi!

Tazama mwandiko! Ni mkono wa kulia! Hogo limekatwa jana. Mkono umetoka mwembamba na wenye magamba kama wa kuku, unauma nikiandika na sijali hata kidogo. Daktari kaniambia niuzoeshe taratibu. Nimemuuliza kama barua ni taratibu, akasema inategemea ninamwandikia nani.

Tangu uondoke nina mengi ya kukuambia ambayo yalitokea ukiwepo, lakini yalitokea nyuma ya mgongo wako, kwa kuwa husikii. Acha nikusimulie.

Siku uliyoingia, tarehe 12 mwezi uliopita, bila taarifa, na lile sanduku la zana begani, mimi nilikuwa naosha uso kwa mkono mmoja. Nikaficha hogo nyuma. Ukaja ukasimama mbele yangu ukasema kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko Mingoyo: "LETE HUO MKONO NIUONE!" Majirani watatu wakatoka. Nililia, lakini usifikiri ni kwa maumivu.

Zile wiki ulizolala kwa katekista na kushinda hapa, kila asubuhi Happiness ananiambia, "Mama, njoo uone." Tunasimama dirishani. Wewe juu ya kenchi, Sipriani ameshika ngazi. Siku za mwanzo alikuwa anaishika huku anatazama barabara. Kisha akaanza kukupa misumari. Kwa kuwa ukiwa kule juu humsikii, akawa anaandika kwa chaki ukutani, sehemu ambayo haijapakwa rangi. "Inatosha?" "Sogeza kushoto." "Chai." Nawe unajibu kwa kelele, au unashuka unaandika chini yake. Nyinyi wawili mkadhani mimi nashinda jikoni.

Siku moja mlipokwenda kununua bodi nimeingia peke yangu. Ukuta umejaa chaki. Chini kabisa, karibu na kona, mwandiko wa Sipriani, herufi kubwa: UTAMTUNZA? Na chini yake mwandiko wako: NITAJITAHIDI. ILA ANAPENDA NGAZI.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nimecheka na nimelia, sijui kipi kilianza. Kesho yake Majid akaja na ndoo ya rangi, akasita pale konani, akaniuliza, "Mama, hapa nipake?" Nikamwambia paka tu. Nimeshasoma.

Na ile Jumapili ya kujaribu! Nje saa nane, bati la jirani linalia kwa joto, kuku wamepanua mabawa. Tumeingia wote tukakaa kwenye mkeka. Ubaridi si wa barafu, ni ule wa chini ya mti wenye majani mengi, na upepo unapita kwenye matundu unagusa shingo. Wewe umefumba macho. Hukuona alichofanya Sipriani. Ameweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, akakiacha. Akasimama kwenye kiti akaligusa dari. Akashuka. Nikamuuliza, "Haya, unasemaje?" Akamwambia Happiness, "Nipe mto." Akajilaza, na Ignasi, mtoto wangu aliyekuwa hajanitazama usoni tangu mwezi wa nane amelala pale akakoroma mpaka saa kumi na moja! Wewe ukaamka ukaniuliza kwa sauti yako hiyo, "HUYU NDIYE ALIYEKUWA HATAKI?" Nikakufumba mdomo kwa mkono wa kushoto.

Sasa mlangoni nimetundika kanga mpaka uje na mlango. Kanga inaruka, mbuzi wa jirani ameshaingia mara moja kutazama. Maliza huo mlango, bwana.

Bertha wako mwenye mikono miwili


Nangurukuru
11 Januari 2025

Bertha wangu,

Mlango umekwisha. Nimeupaka mafuta mpaka unaonyesha uso. Mpwa wangu amechukua funguo za mashine, amenifukuza kwa heshima. Asubuhi hii nimekwenda mara mbili kuizima mashine ambayo si yangu tena.

Wateja wameniaga. Yule mama wa madebe mawili ameniletea kuku, akaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya meza: "Msalimie aliyekukumbuka." Kuku nakuja naye. Mwandalie nafasi kwa yule wa kishungi, sitaki ugomvi siku ya kwanza.

Nilitaka nikuandikie maneno mazuri ya kumaliza ujane wangu, lakini nimekaa na kalamu, ninachokiona ni wewe chini ya karatasi ya kung'aa, kichwa chini miguu juu, unacheka. Basi nimeacha. Nina miaka sitini na sita na nimefunga na kufungua sanduku langu mara tatu kama kijana anayekwenda shule ya bweni.

Matangazo yetu ya ndoa yamesomwa kanisani hapa pia. Hakuna aliyepinga. Muuza chipsi alipiga makofi akanyamazishwa.

Nakuja Jumanne kwa basi la Huseni. Mlango utalala juu ya paa la basi, nimeufunga kwa mablanketi. Barua hii usiijibu. Jibu litafika huku mimi nipo njiani.

Ignasi wako


Mitwero
Jumatatu, 13 Januari 2025

Ignasi,

Umesema nisijibu. Nimejibu. Huseni anapita kwenda huko leo na kesho anarudi nawe, nimemwambia akupe hii ukiwa umeshakaa kwenye kiti na basi limeondoka, usiweze kushuka.

Kitanda kimefika. Neti nimeshona mwenyewe. Mvua kubwa ya kwanza imepiga juzi usiku, nimekwenda na taa kutazama dari, hakuna hata doa. Na ajabu nyingine, mvua mle ndani inasikika kwa mbali, kama inanyesha kwa watu wengine. Sufi imezuia hata kelele! Nikawaza nyinyi wawili mtapatana, wewe na dari, hakuna kati yenu anayesikia kitu.

Happiness anapika tangu jana. Kwaya wamekuja kufanya mazoezi uani, jua likawachoma, nikawaingiza chumbani kwetu wote. Wameimba humo mpaka jioni wakakataa kutoka. Nimewatoa kwa ufagio.

Ukishuka stendi ya Lindi usichukue bodaboda, na huo mlango usiubebe. Sipriani ameazima gari la ghalani. Asubuhi hii amenijia nikiwa kwenye cherehani, bado na usingizi machoni, akaniuliza, "Mama, baba anafika saa ngapi?"

Nimemwambia saa saba. Kisha nimeshona mshono mzima bila uzi kwenye sindano.

Njoo.

Bertha